Nimetoka jeshi la Marekani na magoti yananiuma: je, nina haki ya fidia ya ulemavu?

Kapsowar88:
Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni Mkenya, niliingia jeshi la Marekani nikiwa mkazi wa kudumu, uraia nikaupata nikiwa kazini. Nilikuwa dereva wa malori makubwa, na kwa muda nilikaa Kuwait. Nimetoka kwa heshima, na mwaka bado haujaisha. Magoti na mgongo vilianza kunisumbua nikiwa humo humo jeshini, masikio yanavuma usiku kucha, na majuzi daktari amenipima akasema nina pumu.

Marafiki wanasema fidia ya VA, ile idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wanajeshi wa zamani, ni ya waliopigwa risasi au kukatwa mguu. Mimi sijapigana popote. Kuna kampuni pia inanipigia simu, eti itanijazia fomu halafu niwe naikatia sehemu ya malipo. Nia yangu ni kurudi Eldoret kwa mke wangu. Je, nina haki? Na nikirudi nyumbani, watasimamisha?

Sajenti_wa_Zamani:
Kaka, una haki ya kuomba, na uombe upesi. Si lazima uwe ulipigana. VA wanaangalia mambo matatu: una tatizo la kiafya sasa hivi, kuna jambo lililotokea ukiwa kazini, na kuna kinachounganisha hayo mawili, mara nyingi maoni ya daktari. Goti lililoumia ukishuka kwenye lori kambini linahesabika sawa na lililoumia vitani.

Pumu yako ina njia yake. Sheria ya PACT iliyotiwa saini Agosti 2022 inawahusu waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka na sumu nyingine. Kuwait imo, pamoja na Iraki, Afghanistan, hata Somalia na Djibouti. Pumu iliyogunduliwa baada ya mtu kutoka jeshini imo kwenye orodha, kwa hiyo hutadaiwa uthibitishe kwamba moshi ndio uliokuletea. Utaonyesha kwamba ulikuwa huko na kwamba umepimwa ukakutwa nayo.

Sasa suala la mwaka. Ukiomba kabla ya mwaka mmoja kupita tangu utoke, malipo yatahesabiwa kuanzia siku iliyofuata ile uliyotoka. Ukichelewa, yatahesabiwa kuanzia siku ya maombi, na miezi ya nyuma imepotea. Kama karatasi hazijakamilika, leo hii tuma fomu 21-0966 ya kutangaza nia. Inakushikia tarehe kwa mwaka mzima huku ukitafuta rekodi zako za hospitali na DD214, ile hati ya kutoka jeshini, kisha unapeleka fomu ya maombi yenyewe, 21-526EZ.

BintiMrima:
Hiyo kampuni achana nayo, tafadhali. Sheria hairuhusu mtu kukutoza pesa kwa kukuandalia maombi ya kwanza. Vyama vya wanajeshi wa zamani kama DAV, VFW na American Legion vina wawakilishi waliothibitishwa na VA na wanakusaidia bure. Inaniuma sana kuona vijana wetu wanasaini kutoa pesa ya miili yao kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Mama_Wawili:
Niongeze kuhusu uchunguzi wa daktari ambao VA watakuitia ukishaomba, maana hapo ndipo wengi wetu tunajiangusha. Mume wangu aliulizwa anaendeleaje, akajibu kwa adabu zetu za nyumbani, "Naendelea vizuri, Mungu ni mwema." Daktari akaandika hivyo hivyo! Usitie chumvi, lakini usifiche. Eleza siku mbaya zikoje: ngazi unapandaje, ukichuchumaa unainukaje, usiku unaamka mara ngapi. Na kama kuna mwenzako aliyekuona ukichechemea kambini, mwombe aandike ushahidi wake kwenye fomu 21-10210.

Kapsowar88:
Asanteni sana, nia nimeshaituma kwenye tovuti. Nasikia kila tatizo hupewa asilimia ya ulemavu, na malipo hufuata jumla: hizo asilimia zinajumlishwa vipi? Na mke wangu aliyeko Kenya anahesabika?

Sajenti_wa_Zamani:
Hazijumlishwi kama za dukani. Tuseme umepewa 50 na 30. Ile 50 inaondolewa kwanza, halafu 30 inahesabiwa kwenye nusu iliyobaki, yaani 15. Jumla 65, inasogezwa kuwa 70. Masikio yakikubaliwa ni 10 tu, hata yakivuma yote mawili. Ukipewa 0 usisononeke: maana yake wamekubali tatizo limetokana na kazi, na likizidi unaomba waongeze. Uamuzi usipokuridhisha una mwaka mmoja wa kuupinga.

Mke anahesabika ukifika asilimia 30 kwenda juu, hata akiwa Eldoret. Utamwandikisha kwa fomu 21-686c.

BintiMrima:
Kama ndoa yenu ni ya kimila, kaisajilini mpate cheti. Kwa Sheria ya Ndoa ya 2014 ndoa ya kimila nayo inasajiliwa, na karatasi ya msajili itakupunguzia maswali.

Kuhusu kurudi nyumbani, fidia haikatwi kwa sababu unaishi nje, na haitozwi kodi ya Marekani. Kinachobadilika ni matibabu. Kenya hakuna hospitali ya VA, ila wana mpango wa kulipia matibabu nje ya nchi kwa yale magonjwa waliyokubali kwamba yametokana na jeshi. Jiandikishe, na kila risiti ya hospitali iweke. Ningekuwa wewe, ningemaliza uchunguzi wote nikiwa bado huko Marekani ndipo nikate tiketi.