Mwanangu kabanwa na pumu saa nane usiku kambini, dawa yake imefungiwa kwenye basi la Kosta, na shule inaniambia nilisaini fomu

Wakuu, habari za jioni.

Nimejizuia siku nne nisiandike. Leo Jumatatu nimetoka shuleni, na niliyoambiwa huko yamenimaliza uvumilivu, kwa hiyo naandika na hasira yangu hivyo hivyo. Mzazi wa Mbeya unayejiandaa kulipia ziara ya mtoto kwenda kulala porini, soma kwanza kabla hujatoa hela. Shule siitaji jina. Ni ya msingi, ya binafsi, ipo hapa jijini. Kambi nayo siitaji. Wahusika wakisoma watajijua.

Binti yangu ana miaka 10, yupo darasa la tano, na ana pumu tangu akiwa na miaka 3. Shule inajua. Imeandikwa kwenye fomu ya kujiunga, imeandikwa kwenye fomu ya ziara, na juu ya hapo mama yake alikwenda mwenyewe kumwonyesha mwalimu wa darasa ile inhela ya bluu inavyotikiswa na inavyovutwa. Mwalimu akamwambia, "Mama, ondoa wasiwasi, tunao watoto watatu wa hivyo."

Barua ya ziara ililetwa Mei. Siku 3, usiku 2, kwenye kambi ya michezo ya nje huko juu milima ya Uporoto: kupanda kamba, kuteleza kwenye waya, kutembea msituni, kuota moto jioni, kujifunza kujitegemea. Shilingi 180,000 kwa mtoto, kila kitu ndani. Siku ya pili, barua ilisema, watapelekwa hifadhi ya Kitulo kuona maua. Hapo ndipo ningeshtuka. Maua ya Kitulo ni ya wakati wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Juni unakuta nyasi zimekauka na upepo unakata masikio. Aliyepanga safari ile hakuuliza hata wapiga debe wa Isyonje, njia panda ya kwenda Kitulo. Na mimi ninayejua nikanyamaza, nikasema walimu wana mipango yao.

Maana ziara sizipingi, na asitokee mtu hapa wa kuniambia nalea mtoto kama yai. Nikiwa darasa la sita tulipelekwa Mbozi kuona kimondo, lile dude la chuma la tani 12. Tuliligonga kwa mawe tusikie linavyolia, na mlio ule ninao kichwani mpaka leo. Mtoto lazima atoke darasani aone nchi yake. Kwa hiyo nililipa, tena mapema, nikaenda soko la Mwanjelwa kumchagulia sweta mbili nzito za mtumba na soksi za sufu.

Sasa niwaambie habari ya baridi, kwa sababu shuleni wameniambia eti baridi ile "haikutarajiwa".

Mimi nanunua viazi Kikondo na vijiji vya jirani, huu ni mwaka wa tisa napandisha Fuso huko. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huko juu unakaribia 2,600. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo baridi ya Juni inayotulaza mjini na blanketi mbili, kule ni kitu kingine kabisa. Usiku ambao anga ni safi, bila wingu, sakitu inashuka. Unaamka nyasi zote nyeupe, na ikifika saa nne asubuhi viazi vilivyokuwa bondeni vimeungua vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto, wakati vya jirani mwenye shamba mgongoni mwa kilima vimesimama vizima. Baridi inateremka kama maji, inajaa mabondeni. Hili mtoto yeyote wa mkulima kule atakwambia huku anatafuna kiazi. Je, hema za watoto wetu walizipiga wapi? Bondeni, kando ya kijito. Panapendeza kwenye picha.

Shule ilituandikia tusihangaike na blanketi, kambi ina mifuko ya kulalia. Watoto walikuwa 54. Mifuko ilikuwa 30. Wengi wakalazwa wawili wawili kwenye mfuko wa mtu mmoja, zipu haifungi, chini turubai tupu. Kofia ngumu za kupandia kamba nazo zilikuwa chache, huyu anavua anamvisha huyu. Ya kamba nayaacha, hakuna aliyeanguka, tumshukuru Mungu.

Nije kwenye dawa.

Walipofika tu, matroni alipita akakusanya dawa zote za watoto, akaziweka kwenye boksi la huduma ya kwanza, "zisipotee". Binti yangu alimwambia, "Madam, hii baba amesema nikae nayo." Akajibiwa kuwa kambini kuna utaratibu. Boksi likarudishwa kwenye Kosta, Kosta ikafungwa. Jioni watoto wakakalishwa kuzunguka moto wa kuni mbichi mpaka saa tatu, moshi unawafuata machoni. Moshi, kisha baridi, kisha vumbi la mifuko ya kulalia iliyokaa stoo sijui tangu lini. Mtu mwenye mtoto wa pumu akisoma sentensi hiyo anajua kinachofuata.

Saa nane usiku kifua kikabana. Aliyegundua ni mwenzake aliyelala naye kwenye mfuko mmoja, mtoto wa miaka 10 kama yeye. Anasema aliamshwa na sauti "kama filimbi" karibu na sikio lake. Akamuuliza, yule akashindwa kumaliza hata neno. Mtoto yule alitoka kwenye hema peku, na sakitu ile, akakimbia na tochi mpaka nyumba ya matofali upande wa pili wa uwanja walikolala walimu. Akagonga. Akaambiwa, "Mpeni maji ya moto anywe, ni baridi tu imemshika." Akagonga tena. Wakuu, maji ya moto hayafungui kifua cha pumu. Inhela inakifungua ndani ya dakika chache, ndiyo maana inakaa na mtoto mwenyewe, mfukoni, chini ya mto, mahali ambapo mkono wake unafika gizani. Inhela iliyo mbali na mtoto anayebanwa ni sawa na haipo.

Matroni alipoamka, ufunguo wa Kosta hakuna. Dereva kaondoka na bodaboda jioni kwenda kulala kijijini, simu yake haipatikani. Kumbukeni pia kwamba Kosta ile ndiyo ilikuwa gari pekee pale. Hata wangesema wamkimbize hospitali, wangemkimbiza na nini? Sisi wazazi wa nchi hii tunaikumbuka Mei 6, 2017, Karatu, watoto 32, walimu 2 na dereva wao walivyokufa ndani ya basi dogo moja la shule. Tangu siku ile mtoto akipanda gari la shule mzazi anahesabu masaa. Tunawapa watoto wetu kwa kuamini kwamba aliyewabeba anajua gari liko wapi na ufunguo uko wapi.

Aliyemwokoa mwanangu ni mlinzi wa kambi. Mzee wa makamo, mtu wa huko huko. Alisikia kelele, akaja, akamkuta mtoto kakaa kainama mbele, mabega yanapanda na kushuka, ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani. Akauliza dawa iko wapi, akaambiwa kwenye gari. Hakuuliza mara ya pili. Akaokota jiwe, akavunja kioo kidogo cha pembeni, akaingiza mkono, akafungua, akatoa boksi zima. Hapo ilikuwa inakaribia saa tisa na nusu. Kisha akavua sweta lake akamvisha binti yangu, akampeleka jikoni kwenye makaa ambayo hayana moshi, akakaa naye mpaka kukapambazuka.

Nimeyajuaje yote haya? Kwa sweta hilo.

Shule haikupiga simu. Si usiku ule, si asubuhi, si Jumanne mchana. Jumanne saa nne asubuhi walituma picha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, watoto wananing'inia kwenye kamba wanacheka, chini yake "Day 2, tunaendelea vizuri". Wazazi tukajibu hongereni walimu. Mimi pia nilijibu. Juzi nimeifungua tena picha moja nikaikuza: nyuma kabisa, kwenye gogo, kuna mtoto kajikunyata ndani ya sweta la kahawia linalomfika magotini, mikono imeingia kwapani. Ni wangu. Niliipongeza picha hiyo.

Jumatano jioni alirudi, kimya. Safari ilikuwaje? "Nzuri baba." Mama yake alipomwaga begi ili afue, likatoka sweta la mtu mzima, kiwiko kimetoboka, linanuka moshi wa kuni na ugoro. Akamuuliza, "Hili la nani?" Mtoto akaangua kilio. Ndipo akasema. Na akasema kwamba waliambiwa na mwalimu kwenye gari wakati wa kurudi wasiende kuwatisha wazazi nyumbani.

Rudieni kusoma hapo. Mtoto wa miaka 10 kapambana kuvuta pumzi saa nzima na nusu gizani, halafu anafundishwa kumficha baba yake.

Alhamisi nilipandisha huko huko juu na sweta limefuliwa, limepigwa pasi. Nikamtafuta yule mzee nikampata. Hakutaka hela. Alipokea sweta, akaniuliza kwanza, "Mtoto anapumua?" Habari ya ufunguo na ya kioo nimeipata kwake, akiwa amesimama, bila kuongeza chumvi. Namshukuru mbele yenu wote, na jina lake nalihifadhi asije akasumbuliwa kazini.

Ijumaa nikapiga simu shuleni, nikapewa miadi ya leo. Nimekaa na uongozi dakika 40. Hivi ndivyo nilivyojibiwa. Kwanza, "Lakini mzee, mtoto si mzima?" Pili, nilisaini fomu ya ridhaa, na fomu inasema mzazi anaelewa kuwa michezo ya nje ina hatari zake. Ndiyo, nilisaini. Niliridhia mwanangu apande kamba. Niliridhia aloe, achoke, aumwe na mbu, achubuke goti. Mahali pa kuridhia anyang'anywe dawa, na dawa hiyo ifungiwe kwenye gari lisilo na ufunguo, sikupaona kwenye ile karatasi, na pangekuwepo nisingesaini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Usiku ule utaratibu wa kutunza boksi ndio uliotangulia.

Nikauliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Dereva anasema alimwachia matroni. Matroni anasema dereva aliondoka nao. Nikauliza kwa nini sikupigiwa. Nikaambiwa mtandao kule unasumbua. Mtandao uliopandisha picha 19 asubuhi ile.

La tatu ndilo lililoniinua kwenye kiti. Mmoja wao akasema kwamba kwa kweli kuna hasara ya kioo cha Kosta, na shule "inaangalia namna ya kulizungumza na kambi, kwa sababu mlinzi wao alikiuka utaratibu". Nimesikia kwa masikio yangu. Katika dakika 40, kitu pekee walichokihesabu kuwa hasara ni kioo.

Wale wazazi wawili wengine wenye watoto wa pumu kwenye safari ile nimeshaongea nao. Mmoja alikuwa hajui chochote mpaka nilipompigia jana. Inhela ya mwanawe nayo ilikuwa kwenye boksi lile lile.

Mwenye mtoto wa namna hii, kabla ya safari yoyote uliza ana kwa ana: dawa atakaa nayo nani, watalala sehemu gani, mtu mzima analala umbali gani na hema, gari la dharura ni lipi na ufunguo unalala wapi. Wakikukatalia mtoto kukaa na inhela yake mwenyewe, mbakize nyumbani. Mimi sikuuliza la ufunguo.

Barua yangu nimeiacha shuleni leo ikiwa na muhuri wa kupokelewa, nakala naipeleka kesho kwa afisa elimu kata. Kioo nimewaambia nitakilipa mimi, waniletee ankara, yule mzee asiguswe. Nilichoomba ni maandishi ya mambo mawili: ufunguo ulikuwa kwa nani, na nani aliamua nisipigiwe simu. Nimewapa mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Jibu lolote nitakalopata, au nisipopata, nitaliweka hapa hapa.