Kibao cha kumbukumbu kwenye boma la Mjerumani: kifungwe wapi, kiandikwe nini?

Mlezi_wa_Mtaa (Arusha)
Wakuu habari zenu. Kamati yetu inataka kuweka kibao cha kumbukumbu kwenye Boma la Arusha, lile la mwaka 1900. Fundi anashauri sahani ya shaba ifungwe ukutani kwa bolti. Je, ni sawa? Na maneno yawe mangapi?

Fundi_Mawe
Ukuta usiguswe kabisa. Bolti ya chuma ikishika unyevu wa masika inapata kutu, kutu inavimba, jiwe linapasuka. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa nao ukizibwa kwa saruji unashindwa kupumua, maji yanabaki ndani na plasta inabanduka vipande vipande. Shaba ndiyo usiseme: inaishia kwenye mzani wa vyuma chakavu.

Simamisha jiwe la itale (graniti) hatua kadhaa mbele ya jengo. Kitako cha zege sm 60 kwa 60, kina sm 45. Hesabu yake: saruji mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7 (ndoo za lita 20), maji yasizidi lita 25. Mafundi wengi hapa huongeza maji ili zege limwagike kirahisi, halafu linatoka dhaifu. Limwagilie siku 7 ndipo upandishe jiwe.

Herufi zichongwe kwa tindo, kina mm 3. Za kupuliza mchanga mara nyingi zinachimbwa kina kidogo, zinategemea rangi, na rangi inapauka juani. Itale nyeusi ya kung'aa inarudisha jua machoni. Chagua ya kijivu.

KaleNaSasa
Kabla hujashika sururu: kuchimba eneo la kale bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Andikia Idara ya Mambo ya Kale, na kwa kuwa jengo ni makumbusho, mwone pia msimamizi wake. Ambatanisha mchoro, vipimo vya shimo na maneno yote.

Maneno yasizidi 80, Kiswahili kiwe juu. Tafadhali msiandike "ngome nzuri ya Wajerumani" mkaishia hapo. Lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru. Wao ndio waanze:

"Waarusha na Wameru walilazimishwa kujenga boma hili kwa ajili ya jeshi la Kijerumani. Mwaka 1900."

Mwaka huohuo, tarehe 2 Machi, Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani kulekule Old Moshi, Kilimanjaro, pamoja na wengine wakiwemo Waarusha na Wameru. Nafasi ikiruhusu mtaje, lakini andikeni wazi kuwa ni Old Moshi. Kibao kisipotaja mahali, mgeni ataondoka akiamini alinyongwa hapahapa.

Mlezi_wa_Mtaa
Asanteni sana wakuu, shaba tunaifuta. Herufi ziwe na ukubwa gani? Na kuvu tutaiondoaje?

Fundi_Mawe
Kimo mm 25 kwa maelezo, mm 50 kwa kichwa. Kuvu: maji na brashi laini, basi. Asidi inakula saruji ya kitako, na brashi ya waya inaacha vipande vidogo vya chuma vinavyogeuka madoa ya kutu. Uso wa jiwe ulaze kidogo kwa nyuma, msomaji asiiname, maji nayo yasituame kwenye herufi.

KaleNaSasa
Kabla ya kuchonga, wazee wawili na mwalimu mmoja wa Historia wasome rasimu kwa sauti. Kosa la karatasini linafutika kwa kalamu; la kwenye jiwe, mnanunua jiwe jingine.