Miguu imepauka tangu nihamie Njombe ila usoni mafuta tele, shida nini?

Mdigo wa Tanga:
Wakuu habari zenu, nimehamia Njombe kikazi tangu mwezi wa tano na baridi ya huku si mchezo, sasa shida yangu ni miguu, kuanzia gotini kwenda chini imepauka mpaka nikijikuna inabaki michirizi myeupe kama chaki, usiku inawasha usingizi unakata. Ila usoni ikifika saa sita mchana nang'aa mafuta na sijapaka kitu. Naoga maji moto asubuhi na jioni, sabuni ya mche na dodoki, nasugua haswa. Mwili mmoja inakuwaje huku mafuta huku ukame?

Tabibu Mstaafu:
Pole sana mkuu. Mwili una mafuta yake, yanatoka kwenye vitezi vilivyoshikana na mashina ya vinyweleo, na havijagawanywa sawa, usoni na kichwani vimejazana, kwenye miundi vichache mno, viganjani na nyayoni havipo kabisa. Mafuta hayo yakichanganyika na jasho yanafanya utando mwembamba wenye asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) kama 5 hivi, bakteria wabaya hawaupendi. Sasa sabuni ya mche inafika pH 9 au 10, weka maji moto, weka dodoki mara mbili kwa siku, unakomba hata kile kidogo, halafu hewa kavu ya baridi inamalizia.

Mama Wawili:
Nakazia hapo. Mimi mkunga, mtoto anazaliwa na utando mweupe mzito kama siagi, ndugu wanataka ufutwe palepale eti uchafu, wengine wanamsema mama kwamba alikuwa anakutana na mumewe mimba ikiwa kubwa, naumia sana nikisikia. Vitezi hivyohivyo vimechangia kuutengeneza akiwa tumboni, unamlinda ngozi. WHO wanashauri asiogeshwe mpaka masaa 24 yapite.

Mdigo wa Tanga:
Asanteni, kwa hiyo nifanyeje?

Tabibu Mstaafu:
Maji ya uvuguvugu, sabuni laini kwapani, kinenani na nyayoni, miundi maji tu yanatosha, dodoki pumzisha. Ukitoka jifute juujuu, ngozi ikiwa bado na unyevu paka mafuta ya mgando hapohapo yafungie maji ndani. Ya nazi pia sawa ila huko yataganda, weka kwenye kopo la mdomo mpana. Ikipasuka ikatoa maji au damu nenda hospitali.

Mdigo wa Tanga:
Mrejesho wakuu, siku ya tisa leo, nimejikuna makusudi, chaki hakuna na usiku nalala. Kisigino ndo bado kina magaga.