Mzee alipigana Vita vya Kagera. Tangu ajali ya gari, usiku anarudi vitani

Mwana wa Uyole

Ndugu zangu, nawasalimu, na wakubwa shikamooni. Naomba ushauri kuhusu baba yangu, anayekaribia miaka 70, ambaye mwishoni mwa 1978 alikwenda Vita vya Kagera akiwa mgambo, akafika hadi Kampala, na aliporudi hapa Mbeya akashika jembe la viazi mviringo bila kutusimulia lolote. Sisi watoto tulijua tu kwamba kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwasha redio mapema na hataki kusemeshwa.

Miezi minne iliyopita kaka yangu alikuwa akimrudisha nyumbani kutoka Makambako. Walipoipita Igawa na kuingia kwenye tambarare ya Mbarali, kaka aliongeza mwendo hadi zaidi ya kilomita 120 kwa saa, na alipoyaona matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani kuashiria lori bovu mbele, hakuwa tena na nafasi ya kusimama. Alilikwepa lori, gari likabiringika na kutua kwenye jaruba la mpunga. Walikuwa wamefunga mikanda, hivyo kaka alitoka na michubuko na mzee alivunjika mtulinga, ambao sasa umeunga.

Tangu hapo mzee analala ameketi, mgongo ukutani na taa ikiwaka. Saa tisa usiku huamka akitokwa jasho na kumwita kaka kwa jina la mtu tusiyemjua. Juzi jirani alipogoa uzio wake akayaacha matawi njiani. Mzee alipoyaona alijilaza kifudifudi kwenye vumbi, mikono juu ya kisogo, na hakuinuka mpaka mama alipomshika bega. Gari hapandi, na pombe ya komoni aliyoiacha zaidi ya miaka 20 ameirudia. Shangazi anataka apelekwe kwa mganga. Je, hii ni ajali au ni vita?

Mstaafu wa Ifunda

Marahaba, kijana wangu, na pole. Nami nilikuwa huko, na habari ya matawi naielewa kuliko unavyodhani. Magari yetu tulikuwa tunayafunika kwa matawi ili ndege za Amin zisiyaone, na kila asubuhi tulikata mengine kwa sababu yaliyonyauka yanatuumbua. Machi 1979, kule Lukaya nchini Uganda, roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin zilipoanza kuanguka, wengi wetu tulikuwa hatujawahi kusikia kishindo cha namna ile, na mgambo wengi walitawanyika kwenye giza. Mpaka leo majani mabichi yakichomwa shambani, naondoka.

Tuliporudi tulipigiwa ngoma na kushangiliwa, kisha kila mtu akaenda kwao. Hakuna aliyetuuliza tunalalaje, nasi hatukujua kwamba ni jambo la kuulizwa. Ushauri wangu ni mmoja: msimhoji, mpeni kazi ya mikono, na mambo haya yatapoa yenyewe.

Muuguzi wa Afya ya Akili, Mbeya

Kwa heshima zote kwa mzee wangu wa Ifunda, nakubaliana naye kuhusu kutomhoji, lakini miezi minne ni muda mrefu mno kusubiri jambo lipoe. Dalili za kiwewe zikizidi mwezi mmoja, mgonjwa anahitaji kuonwa na mtaalamu. Tusisahau pia kwamba ugonjwa huu wa msongo baada ya kiwewe uliingizwa rasmi katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 1980, kutokana na hali ya askari waliotoka Vietnam, yaani baada ya wazee wetu kuwa wamesharudi mashambani bila jina la kile walichorudi nacho.

Umeuliza kama ni ajali au vita. Kwa maelezo yako naona vyote viwili vimeshikana: mwili uliotulia kwa miaka mingi ulikutana tena na kishindo, kifo kilichokaribia na, kwa bahati mbaya, matawi yaleyale.

Hata hivyo, kabla ya yote hayo, kichwa kipimwe. Mzee akitikiswa kwa nguvu namna hiyo, damu huweza kuvuja taratibu kati ya ubongo na utando wake, na dalili zikajitokeza wiki kadhaa baadaye: kichwa kuuma, kusinzia mchana, kuchanganya majina, mguu kuburuta. Kumwita kaka yako kwa jina lingine huenda ni ndoto ya vita, na huenda si ndoto. Kipimo cha CT Scan kitaonyesha.

Kichwa kikiwa salama, ipo tiba ya mazungumzo ambayo mgonjwa hulisimulia tukio kidogo kidogo mbele ya mtaalamu, kwa kawaida vikao 8 hadi 15, na zipo dawa kama sertralini ambazo daktari huandika. Msimnunulie diazepamu dukani ili alale. Haitibu kiwewe, na ikichanganyika na pombe inaweza kuzuia pumzi. Pombe nayo ipunguzwe kwa usimamizi, kwa sababu anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege. Shangazi msigombane naye. Mwombeni awasindikize hospitali.

Dereva wa Tunduma

Mimi nauliza jambo moja tu: kaka yako analalaje? Mwendo ukipanda kutoka 60 hadi 120, nguvu ya kugonga haiwi mara mbili bali mara nne, na yeye ndiye aliyekuwa amekanyaga mafuta. Nimewahi kubiringisha gari nikiwa na abiria. Kwa mwaka mzima kila lori lililosimama pembeni lilikuwa linanijia usoni.

Mwana wa Uyole

Nawashukuru sana. Dereva, umenigusa, kaka ameuza gari na kutuambia ni shida ya fedha, nasi tukaamini. Nimemweleza baba maneno ya mzee wa Ifunda kuhusu Lukaya, akanyamaza kitambo, kisha akauliza alikuwa kikosi gani. Alhamisi tunakwenda hospitali, wote watatu. Gari amekataa, ila amekubali bajaji, kwa sharti kwamba dereva asiwapite wenzake na yeye akae upande usio na pazia.