Fegi na mazoezi, pumzi inakata

Mzawa_Ngamiani: Wakuu, mi kila alfajiri nakimbia toka Ngamiani mpaka Raskazone, jioni jimu, ila fegi kama tano kwa siku sikosi. Siku hizi hata sijafika mbali pumzi imekata, moyo unadunda balaa. Si nilisikia jasho linatoa moshi wote?

Babu Kocha: Nani kakudanganya mwanangu? Moshi una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, inang'ang'ania damu mara 200 na ushee kuliko oksijeni, sasa misuli itapata wapi hewa? Na nikotini inapandisha mapigo hata umekaa kibarazani, we unaanza kukimbia moyo ushakimbia zamani.

Dada wa Chumbageni: Mi niliacha, wiki za kwanza nilikohoa mpaka mama akadhani nna TB 😂 ila vumilia, ndani ya masaa 12 kaboni kwenye damu inashuka, mapafu yanaanza kupata nafuu wiki 2 mpaka 12 hivi.

Mzawa_Ngamiani: Duh. Nihamie shisha basi?

Babu Kocha: Shisha si inawaka kwa mkaa? Kaboni ileile, tena kikao kizima unavuta saa nzima!