Yule fundi wa TV leo kanidhalilisha mbele ya mashangazi

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule fundi mnamjua, mtaa mzima unamjua, simtaji. Leo kaniambia mbele ya kikao kizima cha harusi ya mdogo wangu: "Kaka, kompyuta inataka TV ya wasomi. Hii yako ni ya kuangalizia tamthilia." TV YA WASOMI! Shangazi mkubwa kacheka mpaka kilemba kikadondoka.

Kisa chenyewe: nilichomeka laptopu kwenye TV kwa waya wa HDMI ili wajumbe waone orodha ya michango. TV ikakata kingo zote nne. Upau wa chini wa Windows hauonekani, majina ya kushoto yameliwa nusu, na safu ya mwisho kulia, ile ya "amelipa", haipo kabisa. Mjomba aliyetoa laki mbili tangu mwezi jana akaanza kuuliza hela yake imekwenda wapi. Ikabidi fundi aitwe.

Kaja. Kachomoa waya, kaunusa (naapa, kaunusa!), kaniuzia mwingine kwa elfu ishirini na tano. Picha ileile. Kaingia kwenye laptopu, kashusha rezolusheni (idadi ya nukta za picha) mpaka herufi zikawa kama matofali, na kingo bado zimekatwa. Ndipo akawageukia wajumbe akatoa ile kauli. Ya wasomi! Na viatu vyake juu ya zulia langu!

Alipoondoka, binti wa jirani, wa darasa la saba, akachukua rimoti, akaingia kwenye mipangilio ya picha, kwenye umbo la picha akatoa 16:9 akaweka Just Scan, yaani picha ionyeshwe ilivyo bila kukuzwa. Kila kitu kikatokea, mpaka laki mbili za mjomba. Laptopu nzima, waya mzima, ni TV tu ilikuwa inakuza picha. Hela sidai. Nataka aje arudie ile kauli mbele ya watu walewale.

Mzee wa Antena: Huyo tunamjua. Ya kwangu alisema "imechoka kisaikolojia".

Kibuyu: Pole mkuu, ila kikao kizima cha watu wazima hakuna aliyegusa rimoti? Halafu unakasirika ukiambiwa habari za wasomi.

Mleta uzi: Kibuyu, fundi ni nani hapo, mimi au yeye? Na alisema kwa sauti, jirani wa pili kasikia. TV YA WASOMI.

Chogo la Zamani: Hiyo ni ovaskani. Enzi za TV za chogo kingo za picha zilikuwa hazitulii, kwa hiyo TV ikakuza picha kidogo ili kuzificha. Hizi bapa zimerithi tabia hiyo bila sababu. LG wanaiita Just Scan, Samsung Screen Fit. Kuna TV ukibadilisha jina la mlango wa HDMI likawa PC, zinaacha zenyewe. Na mcheki kioo: inchi 32 nyingi ni nukta 1366 kwa 768. Ukiipelekea 1920 kwa 1080 inapokea, ila maandishi madogo yanaingia ukungu.

Mama Pili: Kwa hiyo mjomba alilipa au hakulipa?

Mleta uzi: ALILIPA! Turudi kwenye mada jamani.

Barafu: Afadhali wewe. Fundi friji kaniambia langu haligandishi kwa sababu watoto wanalifungua sana. Sina mtoto hata mmoja.

Mama Pili: Mimi fundi cherehani kala kitambaa cha sare. Gauni nililoletewa halipiti hata mabegani.

Mleta uzi: Wakuu, mtu kasimama sebuleni kwangu kasema TV YA WASOMI, nyie mnaleta habari za gauni?

Kibuyu: Mama Pili, ni yule wa nyuma ya msikiti? Ana suruali yangu tangu Idi.

Mama Pili: Huyohuyo! Na juzi nimemwona kaivaa.