Yule ajenti wa meli ameshika pasipoti yangu kwa tishu. KWA TISHU, jameni!

Binti_Kayole:

Nimetoka huko sasa hivi. Niko ndani ya matatu Jogoo Road, mikono bado inatetemeka, mkiona herufi zimepinda mnivumilie.

Mnamjua. Simtaji jina, lakini kila mtu aliyewahi kutafuta kazi ya meli za kitalii mji huu wa Nairobi anamjua. Yule wa upande wa River Road, ghorofa ya nne, lifti ilikufa zamani na ngazi zinanuka samaki. Yule mwenye miwani moja machoni na nyingine kichwani. Ndiye huyo huyo.

Leo nimeenda kupeleka karatasi za mwisho. Cheti cha maadili mema ninacho. Kadi ya homa ya manjano ninayo. Chanjo ya Korona nimedungwa zote, na cheti kimetoka kwenye mtandao wa serikali, kina ile alama ya kuskani. Nimefika pale nimeoga, nimevaa sketi ya kanisani, nikasema "shikamoo mzee" kwa heshima zote nilizofundishwa na nyanya yangu.

Hakuitika. Alichomoa tishu kwenye boksi, akaikunja mara mbili, akaishika pasipoti yangu kwa ile tishu, kwa ncha za vidole viwili. Akaifungua kwa kalamu. KALAMU! Halafu mbele ya foleni nzima, watu wamejaa hadi kwa ngazi, akaniuliza, "Unatoka wapi?" Nikamwambia Kayole. Akasema, na hapa namnukuu neno kwa neno kwa sababu nitazeeka nayo: "Nyinyi watu wa Kayole mnalala sita kwa chumba kimoja, nitajuaje umebeba nini? Utapimwa hapa hapa, nikiona."

Kupimwa si neno. Nimepimwa Korona mpaka pua zangu zinajua njia. Sikatai kijiti. Lakini tishu?

Na mjue habari ilikuwa kwa simu ya kila mtu pale kwa foleni. Abiria wa hizo meli wamelegezewa masharti. Carnival, ile kampuni kubwa ya meli za kitalii, imeanza tarehe 6 mwezi huu wa Septemba 2022: ukiwa umechanjwa na safari haifiki usiku 16, unapanda bila kupimwa. Asiyechanjwa ndiye anayetakiwa kupimwa ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka, na anaruhusiwa kujipima mwenyewe, kwake, kwa sofa yake. Mtu wa Ohio kule Marekani anajichokora pua mwenyewe anaaminiwa. Mimi mwenye chanjo zote na cheti cha serikali napimwa kwa kolido, mlango wazi, na mtu anayekunja tishu.

Nikamuuliza kwa upole, "Mzee, na kama abiria hawapimwi tena?" Akanyanyua kichwa, ile miwani ya juu ikamwangukia usoni, akasema: "Abiria analipa. Wewe unalipwa."

Watu wakacheka. Kuna mama mmoja alicheka mpaka akashika ukuta.

Kipimo kilitoka hasi, mstari mmoja, safi. Hakusema pole. Akasukuma pasipoti yangu mezani kwa ile ile kalamu, halafu akatupa tishu kwa pipa. Nimeiona ikianguka. Nataka mtu yeyote humu aniambie mimi nimemkosea nini yule mtu.

---

Mzee_wa_Umoja:

Pole binti. Lakini miwani miwili kwa mtu mmoja ilipaswa kukuonya mapema.

---

Kamarada_Pipeline:

Namjua huyo! Mimi aliniambia nina "sura ya kutapika baharini". Sijawahi hata kupanda feri ya Likoni. Pesa ya faili alichukua lakini, na hiyo hakuishika kwa tishu.

---

Binti_Kayole:

@Kamarada_Pipeline UMEONA! Pesa yangu pia alipokea kwa mkono mtupu! Akalamba kidole akihesabu! Noti zimepita kwa makanga wote wa Nairobi, kwa wauza mutura, kwa soksi za watu, hizo hazina Korona. Pasipoti ya Binti wa Kayole ndiyo ina Korona.

---

Shosh_Digital:

Alilamba kidole?? Mwaka huu wa 2022??

---

Tony_wa_Roysa:

Dada, ulipimwa, ukatoka hasi, kazi umepata. Unalilia tishu. Wengine hapa tunatafuta kazi tangu ile kafyu ianze na hakuna mtu ametushika hata kwa koleo.

---

Binti_Kayole:

@Tony_wa_Roysa siku utakapoambiwa mbele ya watu kwamba mtaa wako ni ugonjwa, utakuja hapa tukuambie unalilia koleo. Sijalilia kipimo. Soma tena. Alinishika kama panya aliyekufa, na nilikuwa nimemwamkia.

---

Baharia_Mstaafu:

Nimefanya kazi hizo meli miaka mingi, jikoni na baadaye kwa stoo, nataka kusema jambo.

Hao wanaosema mfanyakazi ndiye wa kuogopwa hawajui historia. Februari 2020, meli ya kitalii Diamond Princess ilifungiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Waliougua ni zaidi ya 700. Abiria waliambiwa wakae vyumbani. Na nani aliwapelekea chakula mlangoni? Wafanyakazi. Waliendelea kupika, kusukuma vitoroli, kuokota sahani zilizoliwa, na usiku wanarudi chini kulala wawili wawili kwenye vyumba vyao, kitanda juu ya kitanda, bila dirisha. Kundi la kwanza la wafanyakazi waliougua pale, wengi wao walikuwa watu wa chakula. Ugonjwa ulitoka juu ukashuka chini.

Halafu abiria wakarudishwa makwao na ndege. Sisi tulibaki. Wamarekani walitoa amri ya kusimamisha meli Machi 2020, na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi dunia nzima wakakaa baharini miezi, bandari hazitaki kuwashusha, nchi zao zimefunga anga. Nilikuwa mmoja wao. Nililala chumba cha abiria chenye balkoni kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu meli ilikuwa tupu, na nilitazama nchi kavu kama naitazama kwa televisheni.

Sasa kuhusu haya masharti. CDC, lile shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, ilifunga mpango wake wa Korona kwa meli za kitalii tarehe 18 Julai mwaka huu wa 2022, ikaziachia kampuni zijipangie. Ndiyo maana unaona moja baada ya nyingine inalegeza. Wanataka meli zijae. Safari ndefu na baadhi ya nchi kama Kanada bado zina masharti yake mpaka sasa, Septemba 2022. Sipingi kulegeza, chanjo imefanya kazi yake. Ninachosema ni kwamba mfanyakazi anapimwa kwa sababu atakaa ndani miezi, akichanganyika na kila kundi linalopanda. Hiyo ni sababu halali. Lakini ni sababu ya kumlinda yeye pia, si ya kumdharau. Ajenti akikuambia "abiria analipa" anakwambia bei yako, hakuelezi afya.

---

Binti_Kayole:

Baba asante. Nimesoma kwa sauti hapa ndani, hata makanga amenyamaza.

Lakini ile tishu baba. Aliikunja MARA MBILI. Ya kwanza hakuiona inatosha!

---

Mama_Pacha:

Korona ilizaa wafalme wadogo kila mahali. Mnamkumbuka yule wa mlango wa supamaketi mwenye bunduki ya joto? Kwangu alikuwa ananipima kwa kiwiko. Kiwiko! Inasoma 31, ananiambia "sawa mama ingia". Mtu wa digrii 31 ni maiti. Lakini siku nilipokuja na mtoto mgongoni akanirudisha, eti mtoto hana maski. Mtoto ana miezi minne.

---

Kamarada_Pipeline:

Na ule mtungi wa maji wa kunawa kwa stegi? Bomba halina maji, sabuni imefungwa kamba kama mbuzi, na kuna kijana amesimama anakupigia kelele unawe.

---

Tony_wa_Roysa:

Hata hapa Kenya wasafiri waliochanjwa waliondolewa kipimo cha Korona cha PCR tangu Machi 2022. Mtalii anatua uwanja wa ndege wa JKIA anapita. Kwa hiyo mmepigania nini nyinyi wote? Ajenti ana haki ya kulinda biashara yake.

---

Shosh_Digital:

Tony wewe ni ajenti? Sema ukweli. Una miwani mingapi?

---

Mzee_wa_Umoja:

😂😂😂

---

Tony_wa_Roysa:

Mimi nasema tu Kayole KUNA msongamano. Hiyo si matusi.

---

Dandora_Mtulivu:

Wewe wa Roysambu unaongea kuhusu msongamano? Roysambu ile ya nguo kukauka kwa dirisha la jirani? Mimi niliishi huko, nilikuwa nikipiga chafya mtu wa ghorofa ya sita anasema "afya".

---

Binti_Kayole:

Jameni msihamishe uzi. Tulikuwa kwa pasipoti.

Na kitu kingine nimekumbuka sasa tukipita Donholm. Jamaa aliyekuwa mbele yangu alikuwa na suti na manukato. Anatoka Kilimani kwa wenye pesa, alijitambulisha kwa sauti. Pasipoti yake ajenti aliipokea kwa mikono MIWILI, akasema "karibu kijana". Hakumpima! Nilikuwa nyuma yake, nimeona kwa macho yangu! Kazi ni ile ile, meli ni ile ile, na tutalala chini kule pamoja bila dirisha!

---

Baharia_Mstaafu:

Hapo sasa umesema jambo zito kuliko tishu. Kama wote mnapanda, wote mpimwe, au wote muachwe. Kirusi hakiulizi unatoka Kilimani au Kayole. Mwandikie mwajiri mwenyewe kule, moja kwa moja, umwambie ajenti wake anapima wengine na kuacha wengine. Kampuni ya meli haipendi kusikia hivyo, kwa sababu mgonjwa mmoja chini anaweza kuangusha jiko zima.

---

Binti_Kayole:

Nitaandika. Walahi nitaandika leo leo, na tishu nitaitaja kwenye sentensi ya kwanza.

---

Njoki_Kangundo_Road:

Mimi sijui mambo ya meli lakini mwenye nyumba wangu alikata maji wakati wa ile lokidauni, 2020, akasema maji yanaleta mikusanyiko kwa bomba. Mpaka leo hajafungua vizuri. Yanakuja Jumanne saa tisa usiku, na bili inakuja kila mwezi kama kawaida. Kuna mtu ana namba ya mtu wa bauza, lile lori la kuuza maji, wa huku?

---

Kamarada_Pipeline:

Bauza wa Pipeline anauza mtungi wa lita 20 bei ya soda, usithubutu.

---

Dandora_Mtulivu:

Sisi wetu anachanganya na ya kisima. Ukipika chai inakuwa na chumvi hata hujaweka sukari.

---

Mama_Pacha:

Chai ya chumvi ni ya ugonjwa wa pumu, shosho wangu alikuwa anasema.

---

Shosh_Digital:

Shosho yupi huyo? Mimi ni shosh na sijawahi kusema hivyo.

---

Tony_wa_Roysa:

Roysa maji yako kila siku, nasema tu.

---

Dandora_Mtulivu:

Maji ya kutoka kwa choo cha ghorofa ya juu kupitia taa ya chini hayahesabiki, Tony.

---

Binti_Kayole:

Watu wangu, uzi ni wa AJENTI. Kuna mtu mwingine humu alishikiwa pasipoti kwa tishu au ni mimi pekee yangu?

---

Mzee_wa_Umoja:

Binti, kabla hujasafiri, lile sanduku kubwa la magurudumu utanunua wapi? Kijana wangu anaenda Katari wiki ijayo, nimeambiwa Kamukunji ni nafuu lakini gurudumu linang'oka kabla ya Makadara.

---

Njoki_Kangundo_Road:

Eastleigh. Ila nenda asubuhi, na usionyeshe kama una haraka. Na bado naomba ile namba ya bauza.